Akaunti: Neno Lililotoka Benki Likaketi Mlangoni mwa Kompyuta

Istilahi nyingi huingia katika lugha yetu ya Taifa kwa njia ya ofisi: mtaalamu huleta orodha yake, kamati hukaa, neno hupimwa, kisha hutangazwa kuwa sanifu. Lakini yako maneno ambayo hayakungoja kikao chochote. Yaliingia pamoja na vitu vyenyewe, yakazoeleka midomoni mwa wananchi, na sisi wakuza istilahi tukayakuta yamekwisha kukaa. Neno akaunti ni mojawapo. Katika makala haya nakusudia kueleza historia ya neno hilo, na hasa maana mpya liliyoipata katika miaka hii ambapo mtu anunuaye kompyuta hutakiwa kufungua akaunti ya mtandaoni kabla hajaigusa mali aliyoilipia.

Kilichonichochea kuandika si hoja ya kikaoni. Ni jambo lililotokea Mabibo, mahali ninapoishi. Msomaji asiyeifahamu Mabibo aelewe kwamba ni mahali penye wanafunzi wengi. Mabweni ya Mabibo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yako hapa, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko hapa. Kati ya vyuo hivyo na soko la ndizi lijulikanalo kwa jina la Mahakama ya Ndizi, pamejaa vibanda vya kutoa nakala, kuchapa tasnifu, na kutengeneza simu na kompyuta. Zamani eneo hili lilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa ni Wilaya ya Ubungo.

Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, alinunuliwa na mama yake kompyuta ya kupakata. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza pale kibandani, mashine ilidai intaneti, kisha ikadai anwani ya barua pepe na akaunti. Binti hakuwa na bando. Fundi akamwambia, "Dada, usihangaike, hii naimaliza mimi sasa hivi," akaandika anwani yake mwenyewe na namba yake mwenyewe ya simu, kama alivyozoea kuwafanyia wateja wengine. Kompyuta ikafanya kazi vizuri kwa miezi saba. Siku moja, baada ya matengenezo madogo, iliwaka na kudai ufunguo wa kurejesha, yaani msururu mrefu wa tarakimu ambao ulikuwa umehifadhiwa katika akaunti ya yule fundi. Fundi alikwisha hama, na namba yake haikupatikana tena. Sura tatu za tasnifu zilikuwa ndani.

Mama yake alikuja kwangu jioni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa maneno? Huyu mtoto ananitafsiria hapa kwamba akaunti imefungwa. Nani kaifunga, na mimi dukani nimelipa zote, sidaiwi hata senti?"

Sikuwa na jibu la fundi, kwa kuwa mimi si fundi. Lakini swali lile lilikuwa la istilahi hasa, na lilinirudisha kwenye kabati letu la kadi.

Tuanze na neno lililotangulia. Kabla ya akaunti, Kiswahili kilikuwa na hesabu, lenye asili ya Kiarabu. Hesabu ilikuwa kazi ya kujumlisha na kutoa, ilikuwa pia taarifa ya mapato na matumizi, na ilikuwa uhusiano wa kifedha baina ya mtu na mwenziwe: mfanyabiashara wa pwani aliweza kusema kwamba ana hesabu na fulani, maana yake wanadaiana. Ndugu zetu wa Oman na nchi nyingine za Ghuba wamebaki na neno hilo hilo la Kiarabu kwa akaunti ya benki, na wanalitumia hata kwa akaunti ya mtandaoni. Sisi tungaliweza kufanya vivyo hivyo. Kwa maoni yangu kilichotuzuia ni shule. Hesabu ilikuwa jina la somo, na mtoto aliyechapwa kwa sababu ya hesabu za kugawanya hakuwa tayari, alipokua, kulikubali neno hilo kwa jambo jingine. Mabenki nayo yaliandika vitabu vyao kwa Kiingereza, na karani akawaambia wateja neno alilolisoma kitabuni.

Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, mabenki yalitaifishwa na ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Huduma ya benki, ambayo awali ilikuwa ya wakoloni, mashirika na matajiri wa mijini, ikaanza kuwafikia wafanyakazi wa umma na vyama vya ushirika. Mwaka huo huo Bunge liliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kwa hiyo akaunti na usanifishaji wa istilahi ni watu wa rika moja, ingawa hawakulelewa nyumba moja.

Pamoja na nomino hiyo vilikuja vitenzi viwili, kufungua na kufunga, na hapa ndipo penye shina la swali la mama yule. Mtu alifungua akaunti kwa kwenda mwenyewe benki na kutia sahihi, na aliifunga kwa kwenda mwenyewe tena na kutoa fedha zake. Vitendo vyote viwili vilikuwa vya mwenye mali. Lakini kufunga kwa Kiswahili kuna maana nyingi: ni kumaliza jambo, ni kutia kitasa, na ni kumtia mtu kifungoni. Benki haikutuonyesha hatari ya wingi huo, kwa sababu mazingira yalieleza maana. Kompyuta imetuonyesha. Mtu akisoma leo kwamba akaunti imefungwa, hajui kama ameifuta mwenyewe kwa bahati mbaya, au nywila imekosewa mara nyingi ikatiwa kitasa kwa muda, au kampuni imeamua kumwadhibu. Lugha za wenye mashine zina maneno tofauti kwa hali hizo, na sisi tumezirundika katika kitenzi kimoja.

Sasa twende kwenye kompyuta yenyewe. Serikali yetu ilikuwa na kompyuta tangu mwaka 1965, pale Wizara ya Fedha. Mashine hizo zilikuwa chache, kubwa kama makabati, na zilitunzwa na wataalamu wachache waliotoka nje. Kazi ya kuandaa hesabu za Serikali kwa mashine ilikwenda vibaya na kugharimu fedha nyingi za kigeni, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo hilo lililegezwa polepole katika miaka ya 1980. Wanahistoria wa uchumi wataamua kama uamuzi ule ulitusaidia au ulituchelewesha. Kwa upande wa lugha, matokeo yake ni dhahiri: kwa muda mrefu kompyuta ilikuwa jina lisilo na kitu karibu. Katika kipindi hicho na baadaye wataalamu walibuni majina mengine, ngamizi na tarakilishi, na Wakenya wamelishika tarakilishi hata wakazaa kipakatalishi. Huku kwetu, mashine zilipokuja kwa wingi katika miaka ya 1990, zilikuja na jina lake kibandiko kikiwa hakijatolewa, na wananchi wakasema kompyuta.

Hata hivyo haikuwa hadithi ya kushindwa tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Katikati ya miaka hiyo ya 2000 Microsoft nayo ilitoa Kiswahili kwa Windows na Office. Katika zama hizo yalikomaa maneno ambayo mimi huyaona mazuri kuliko mengi tuliyoyabuni mezani. Kusakinisha, kwa mfano, limetokana na kusakini, yaani kukaa mahali, kufanya makao. Anayesakinisha programu anaipa makao ndani ya mashine. Kusanidi ni kuunda na kupanga vipande vikawa kitu kimoja. Nywila, neno la kale la kutambulishana, lilifufuliwa likawa mlinzi wa mafaili. Maneno yote hayo yana dhana moja iliyojificha: mashine ni nyumba, na mwenye nyumba ni yule aliyeinunua.

Dhana hiyo ilikuwa kweli kwa mashine za wakati ule. Aliyesanidi kompyuta alitakiwa kuandika jina lake na, akipenda, nywila. Jina hilo halikwenda popote, lilikaa ndani ya kompyuta ile tu. Hata hilo liliitwa akaunti, ingawa halikuwa na benki, wala karani, wala upande wa pili. Kwa hakika lilikuwa jina kubwa kuliko kitu.

Mabadiliko yalikuja kwa hatua, na inafaa tuziandike miaka yake kwa sababu watumiaji wengi wanadhani hali iliyopo ilikuwapo tangu mwanzo. Windows 8, iliyotoka Oktoba 2012, ilianza kumwelekeza mtumiaji wakati wa kusanidi aingie kwa akaunti ya Microsoft, lakini njia ya kukataa ilikuwapo. Windows 10 ilitoka Julai 2015. Kufikia mwaka 2019, katika toleo lake la nyumbani, njia ile ilikuwa haionekani tena iwapo mashine imekwisha kuunganishwa na intaneti. Mafundi wetu waligundua haraka dawa yake, nayo ilikuwa kuchomoa waya. Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ilifanya intaneti na akaunti kuwa sharti la toleo la nyumbani, na mwaka 2022 sharti hilo likaenea hadi toleo la Pro kwa matumizi binafsi. Mafundi wakajifunza kubonyeza Shift na F10, kikafunguka kidirisha cheusi, wakaandika amri fupi ya kuukwepa mtandao. Machi 2025 kampuni ilitangaza kuiondoa amri hiyo katika matoleo yake ya majaribio, na Oktoba 2025 ikatangaza vivyo hivyo kwa njia nyingine zilizokuwa zikijulikana. Sababu iliyotolewa ni kwamba mwenye kukwepa huruka kurasa muhimu za usanidi, akatoka na mashine isiyokamilika. Tarehe 14 mwezi huo huo wa Oktoba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma, ikawa watu wengi wanasukumwa kwenye mlango ule ule.

Haki inataka tuseme kwamba akaunti ya mtandaoni ina faida zake. Aliyesahau nywila husaidiwa, aliyeibiwa mashine hukuta baadhi ya kazi zake zimehifadhiwa kwingine, na ufunguo wa kurejesha huwa na mahali pa kukaa. Tena si makampuni yote yanayolazimisha kwa kiasi kimoja. Anayewasha kompyuta ya Apple anaweza kuiahirisha akaunti, na anayesakinisha Ubuntu huulizwa jina na nywila tu. Lakini faida hizo ni za mtu mwenye anwani yake, simu yake, na intaneti isiyokatika. Kwa mwanafunzi wa Mabibo ambaye bando lake ni la kuhesabu, sharti hilo huzaa jambo ambalo huenda wabunifu wake hawakulifikiria: akaunti hufunguliwa na mtu mwingine. Mashine inakuwa ya binti, na ufunguo wake unakuwa wa fundi. Kwa kuwa kompyuta nyingi za siku hizi huyafumba mafaili yote kwa msimbo bila hata kumwarifu mwenyewe, ufunguo huo si pambo. Ndiyo mafaili yenyewe.

Mzee mmoja wa mtaani, aliposikia habari hizi, alisema, "Hicho ni kipande." Wote waliokuwapo walicheka, lakini mimi nililiandika neno hilo. Kipande katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na mtu hakupata mshahara mpaka siku zote ziwekwe alama. Nchini Kenya, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kipande kilikuwa hati yenye alama za vidole na maelezo ya waajiri, na mwanamume Mwafrika alilazimika kuitembeza katika kikopo cha bati shingoni. Mfanyakazi alikibeba yeye, lakini mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake, na bila maandishi ya mwajiri hakuweza kwenda kwingine. Sisemi kwamba kurasa za kompyuta ni sawa na ukatili ule. Mlinganisho huo ungewadhulumu wazee wetu. Nasema kwamba lugha ilikwisha kuwa na jina la kitu ambacho mtu hukibeba na mwingine hukiandika, na mzee yule alilifikia bila kamati.

Pia hatuwezi kusema kwamba kulazimishwa kujisajili ni jambo geni lililoletwa na kompyuta. Mwaka 2019 tulianza kusajili laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa, na tarehe 20 Januari 2020 ndiyo iliyokuwa mwisho wa muda uliokuwa umeongezwa, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tofauti ni kwamba sharti lile lilikuwa la Serikali, lilitangazwa redioni, na mwananchi alijua pa kulalamikia. Sharti la mashine hutokea kwenye kioo, saa ya kuwasha, lugha ni ngeni, na muuzaji amesimama pembeni anataka kumhudumia mteja mwingine.

Hapa pana neno jingine linalotuhusu, nalo ni ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imelifanya neno hilo kuwa la kisheria. Ridhaa ni kukubali kwa moyo baada ya kuelewa, na anayeridhia ni yule aliyeweza pia kukataa. Lakini katika tafsiri za kompyuta, kitufe kinachobonyezwa huandikwa Kubali, hata pale ambapo hakuna kitufe cha Kataa pembeni yake. Mimi huona kwamba mtafsiri anayeandika Kubali mahali pasipo na kataa ametafsiri neno na kuiacha hali. Endelea lingekuwa neno la kweli zaidi. Wenzangu wawili ofisini hawakubaliani nami; wanasema mtafsiri hana mamlaka ya kumrekebisha mwenye matini. Mjadala huo haujaisha.

Kuhusu kufungwa, napendekeza kwa wasomaji, nao wanikosoe, tutenganishe hali tatu. Mwenye akaunti anapoiondoa mwenyewe, tuseme ameifunga, kama benki. Inapotiwa kitasa kwa sababu ya nywila kukosewa, tuseme imejifunga, maana kitendo ni cha mashine na hakina hukumu. Na kampuni inapomnyima mtu kuingia, tuseme imezuiliwa. Kama binti yule angalimwambia mama yake kwamba kompyuta imejifunga na ufunguo uko kwa fundi, mama angalijua tangu dakika ya kwanza ni nani wa kutafutwa, asipoteze siku mbili akienda dukani na risiti.

Limebaki jina la akaunti ile ya zamani, isiyotoka nje ya mashine. Jina hilo linahitajika sana sasa, kwa kuwa mtu hawezi kuomba kitu kisicho na jina. Bado inapatikana kwa anayeijua. Katika toleo la Pro kumekuwapo njia ya kuifikia kwa kuchagua usanidi wa kazini au shuleni. Na hata aliyekwisha kuingia kwa akaunti ya mtandaoni anaweza, ndani ya mipangilio ya akaunti, kubadili aingie kwa ile ya zamani, ilimradi kwanza anakili ufunguo wa kurejesha kwenye karatasi. Baadhi ya wafasiri huiita akaunti ya ndani, lakini ndani hudokeza siri au idara. Akaunti ya mahali ni tafsiri ya kifundi isiyomwambia mtu lolote. Akaunti mwenyeji lilinivutia, ila mwenyeji limekwisha kuchukuliwa kwa mashine inayohifadhi tovuti. Nilikuwa nimeelekea kwenye akaunti ya mashine.

Fundi hakuonekana. Sura ya kwanza ya tasnifu ilipatikana katika flashi ya mchapaji mmoja karibu na mabweni, na sura mbili binti aliziandika upya kwa mkono, akaja kuzichapa. Mashine ilifutwa yote na kusanidiwa kwa fundi mwingine, mama akiwa ameketi pale kwenye benchi mwanzo hadi mwisho. Nilikuwapo. Fundi alipouliza anwani ya barua pepe, mama alijibu kabla ya binti yake: "Hatutaki ya huko nje. Mwekee akaunti ya humu humu."

Fundi alielewa mara moja. Niliporudi ofisini nilitoa kadi mpya, nikaandika akaunti ya humu, kwa penseli, nikaiweka nyuma ya akaunti ya mashine kungoja kikao.